Harambee ya Mistari Myekundu

Jumatatu, 4 Februari 2013

Leo nimepata njia ya kuwa mtu mashuhuri. Nilikuwa nimeitafuta sana.

Habari zenyewe ni hizi. Okra ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na ndiyo tunayoitumia sisi wa chama cha kompyuta hapa Eldoret. Mwenyekiti ni mimi, Byron Wepukhulu. Lugha kama hii huja na ghala la vifaa vilivyokwisha kutengenezwa: cha kupanga majina, cha kusoma faili, cha kuhesabu tarehe. Watu dunia nzima huvitumia bila kuuliza. Sasa Bwana Henrik, mkubwa wa Okra, aliye Ulaya kwenye baridi, ametuandikia wote kwamba kifaa cha kalenda ni aibu. Kimepimwa asilimia sitini na moja tu!

Kupimwa ni hivi. Unaandika programu ndogo iitwayo jaribio. Jaribio linauuliza mstari mmoja wa programu ya kalenda swali, kisha linahakikisha jibu ni sahihi. Mstari uliowahi kuulizwa unaonyeshwa kwa rangi ya kijani. Ambao haujawahi, nyekundu. Ukifungua kalenda ya Okra leo, unadhani umefungua shamba la nyanya.

Toleo jipya linatoka mwisho wa mwezi. Kundi litakalofikisha kalenda asilimia tisini kabla ya hapo, mmoja wao atafanywa mlezi wa kalenda. Mlezi! Jina lake litasomwa hadi Japani.

Kiplimo tayari ameandika majaribio manne. Hakuniambia. Kiplimo ndiye katibu wetu. Kwao ni Burnt Forest, hasemi mengi, na ana kompyuta yake mwenyewe ambayo haizimiki ukigusa waya. Simwonei wivu. Naandika tu.

Habari mbaya: Waithira anaondoka. Yeye ndiye anayeandika majaribio mazuri kutushinda sote, ingawa sijawahi kumwambia. Mama yake analima viazi Burnt Forest. Kura ni tarehe nne mwezi ujao, na mama amesema hangoji kuona. Mwaka 2008, kwenye fujo za baada ya kura, nyumba yao ilichomwa. Walikaa kwenye hema, wakarudi, wakajenga upya. Safari hii anahamia kwa dada yake Nyahururu kabla ya kura, Waithira naye, na hawarudi tena.

Sitaki aende. Chama kitakosa mtu wa majaribio, hiyo ndiyo sababu. Chakula cha jioni hakikupita vizuri, lakini hiyo ni kwa sababu Senge Tryphosa, dada ya marehemu baba ninayekaa kwake hapa mtaa wa Pioneer, alitia chumvi mara mbili.

Mpango umenijia nikiosha vyombo. Mtu mwenye kazi kubwa hawezi kuhama. Kwa hivyo Waithira apewe kazi kubwa. Na kazi kubwa, tangu nizaliwe, inaanzishwa kwa harambee.

Jumatano, 6 Februari

Kamati imeundwa!

Watu hapa wamefanya harambee za paa la shule, za bili ya hospitali, za kumpeleka kijana ng'ambo. Hakuna aliyewahi kufanyia mistari ya programu. Mimi ndiye wa kwanza. Badala ya pesa, kila mtu atachangia majaribio.

Kiplimo akauliza kwa nini tusikae tu chini tuyaandike. Nikamweleza polepole kwamba mawazo kama hayo ndiyo yanayorudisha nchi nyuma. Akasema sawa, akarudi kwa kompyuta yake.

Senge Tryphosa ni mweka hazina. Aliuliza hazina yenyewe iko wapi. Nikamwambia itakuja. Kadi nimezichapisha kwa cyber, duka la intaneti ninalofanyia kazi. Mwenyewe, Madam Linah, aliuliza wino huo ni wa nani. Nikamjulisha kwamba ameteuliwa mfadhili. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

Kadi imetoka vizuri sana. Ina mpaka wa maua. Chini nimeandika kwa herufi nzito: AHADI ZOTE ZITIMIZWE KABLA YA TAREHE 30 FEBRUARI. Niliwapa watu hadi mwisho kabisa wa mwezi ili wapumue. Kiongozi lazima awe na huruma.

Mgeni wa heshima ni Mheshimiwa Kipyego. Anatafuta kiti cha wadi. Bado hajachaguliwa, lakini watu wote wanamwita mheshimiwa, maana huwezi kujua. Kumpata hakukuwa kazi. Msimu huu mgombea akiona viti vitatu vimepangwa mahali anasimamisha gari.

Jumamosi, 9 Februari

Siku kuu! Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mheshimiwa alichelewa mpaka watu wakaanza kuimba nyimbo za mazishi, lakini alipofika aliongea kwa uchungu. Akasema ni aibu kwamba miaka hamsini baada ya uhuru kalenda yetu bado haijapimwa. Akasema serikali ya kaunti itapima kalenda zote hadi mashinani. Tukapiga makofi. Kisha akaahidi, yeye na marafiki zake, majaribio mia mbili. Vigelegele! Akapanda gari akaenda harambee nyingine.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuachwa nyuma. Kavetsa wa kibanda cha M-Pesa: kumi. Mzee Murunga anayetunza ukumbi: matano, akauliza kama anaweza kuleta kwa njia ya mahindi. Senge alileta kuku wa mnada. Bei ilipanda vizuri, na mwishowe Ouma wa boda boda akamnunua kwa majaribio kumi na mawili. Aliondoka naye amemfunga kwa kitambaa mbele ya pikipiki. Ouma hajawahi kugusa kompyuta, lakini moyo anao.

Mimi kama mwenyekiti niliahidi hamsini. Ilibidi. Hakuna mwenyekiti anayeahidi chini ya katibu.

Kiplimo aliharibu. Aliitwa mbele, akasema ana sita, akafungua kompyuta, akayaonyesha hapo hapo, yameshaandikwa. Ushamba ulioje! Watu hawakujua wafanye nini. Hakuna wimbo wa mtu aliyemaliza. Mwishowe mwanamke mmoja alikohoa na tukaendelea.

Waithira aliketi nyuma. Hakuahidi hata moja. Lakini alicheka mpaka akafuta macho na kitambaa cha kichwa, mara nyingi. Nimeichukulia kama ishara njema.

Mimi na Senge tulijumlisha. Taslimu na ahadi kwa pamoja, kalenda imefika asilimia tisini na saba. Nilitangaza. Mzee Murunga alilia. Jioni nilimwandikia Bwana Henrik kumjulisha kwamba Eldoret imefika tisini na saba, na kwamba niko tayari kupokea ulezi.

Jumatatu, 11 Februari

Bwana Henrik amejibu. Anatupongeza kwa moyo wote, ila anauliza majaribio yenyewe yako wapi, kwa sababu kwake kalenda inaonyesha asilimia sitini na tano.

Nikamjibu kwamba hiyo sitini na tano ni taslimu. Zilizobaki ni ahadi.

Akauliza ahadi ni aina gani ya jaribio.

Nikamwandikia ukurasa mzima kuhusu harambee, tangu tulipopata uhuru hadi kuku wa Senge. Hajajibu. Nadhani ameguswa.

Jumanne, 12 Februari

Siku ya kukusanya ahadi. Nilipanda boda boda mara nyingi kuliko ninavyokunywa maji.

Mheshimiwa hakupatikana. Kijana wake alisema majaribio mia mbili yako njiani, yatakuja mara tu baada ya kura, akanipa fulana yenye picha ya mheshimiwa. Kavetsa alisema haraka ya nini, tarehe bado. Mzee Murunga naye akasema tarehe bado. Ouma akasema tarehe bado, na kuku ameanza kutaga, kwa hivyo asisumbuliwe.

Wote wananionyesha kadi yangu mwenyewe. Kila mtu ana amani. Sijawahi kuona wadaiwa watulivu namna hii.

Nililalamika kwa Kiplimo. Akaichukua kadi, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena mbele. Akauliza taratibu kama nimewahi kuiona hiyo tarehe 30 Februari. Nikamwambia haikosi mwaka. Akanionyesha kalenda ya ukutani, ile ya duka la pembejeo yenye picha ya ng'ombe.

Nimeamua ile kalenda ilichapishwa vibaya.

Alhamisi, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Haina uhusiano na haya ninayoandika.

Nilimwalika Waithira chai kwa hoteli karibu na steji. Nilikuwa na mpango mpya, na huu ulikuwa bora kuliko ule wa kwanza. Kwa siku mbili nimezunguka na kadi nyingine, ya kuchangia usalama wa mama yake. Kila aliyetia sahihi anaahidi kwamba Mama Waithira hataguswa siku ya kura. Sahihi zimejaa pande zote. Mheshimiwa alitia kupitia dirisha la gari, bila kusoma. Hata watu wa benki walitia, nadhani walifikiri ni rambirambi.

Niliiweka kando ya kikombe chake. Nikangoja anitazame kwa macho ya shukrani.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaisukuma kwangu polepole.

"Byron, unajua 2007 mama aliahidiwa na watu wangapi? Mtu mkubwa alisimama hapo soko akasema tuko salama, asilimia mia. Tukapiga makofi. Tukaenda tukalala."

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Hiyo usalama yake hakuna mtu alikuwa ameijaribu," akasema.

Akaniambia pia, bila hasira, kwamba lori limeshapatikana, na litabeba vitu Jumamosi ya tarehe 23. Kisha akaenda.

Januari ile ya 2008 mimi na Senge tulilala sakafuni kanisani na watu wengi, na kila usiku mtu alisema kesho mambo yatakuwa sawa. Sijawahi kuandika habari hizo hapa na siandiki leo. Lakini nilizikumbuka zote nikiwa bado kwenye kile kiti. Nilijisikia vibaya sana. Mandazi yake hakuyagusa, kwa hivyo niliyala, na sikuyafurahia.

Jumamosi, 16 Februari

Nimepata kosa langu! Sikumwendea mwenyewe. Kadi ya usalama wa mama lazima apewe mama.

Nilienda Burnt Forest nikiwa nimevaa suti. Mama Waithira alikuwa shambani na gambuti, viatu virefu vya mpira, anachagua viazi vya kutia kwenye magunia. Waithira aliponiona alifunika uso. Nilitoa hotuba fupi. Nikafungua kadi kwa mikono miwili kama cheti.

Mama aliisikiliza hotuba yote. Ana adabu. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Na wewe, kijana yangu, siku ya kura utalala wapi?"

Nilisema Bungoma. Ilitoka kabla sijafikiri. Ndiko nilikoandikishwa kupiga kura, na Senge ameshatukatia tiketi za basi, mimi na yeye, tangu mwezi uliopita. Tumepanga kukaa huko mpaka mambo yatulie.

Mama alinitazama. Nikatazama viazi. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika mgongo, na kusema ukweli kilikuwa kicheko kizuri, hakikuwa na ubaya. Waithira hakucheka sana.

Nimerudi na nusu debe ya viazi na matope kwenye suti. Jibu zuri la kumpa mama nililipata, tena kali, lakini wakati huo nilikuwa nimeshafika Cheptiret.

Jumatatu, 18 Februari

Nimekasirika kiasi kwamba mwandiko umepinda.

Kiplimo ameniambia leo, kwa sauti ya mtu anayesema jana kulinyesha, kwamba mama yake amehamia kwa Mama Waithira. Amehama! Mashamba yao yanapakana. Jana baada ya kanisa alibeba godoro, redio na ng'ombe mmoja wa maziwa, akavuka ua, akaingia. Atakaa huko mpaka matokeo yatangazwe, na baada ya hapo mpaka atakapochoka. Alimwambia Mama Waithira, wachomaji wakija watanipata mimi kwanza.

Bila kamati! Bila mgeni wa heshima! Hata maombi ya kufungua hayakufanyika. Nilimuuliza Kiplimo ni nani aliyeidhinisha. Akasema ni mama yake.

Nilikuwa na maneno mengi zaidi. Lakini akaongeza, akitazama vidole vyake, kwamba mwaka ule mama yake alisimama nyuma ya pazia akaangalia nyumba ya jirani ikiwaka, na hajawahi kulala vizuri tangu hapo. Akaendelea kuandika jaribio lake.

Nilimhurumia, jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikamletea chai. Nilimwambia ni ya Madam Linah, asizoee.

Mama Waithira bado hajasema kama atabaki. Amesema kwanza ataona ng'ombe akizoea.

Alhamisi, 21 Februari

Tarehe ya leo ikumbukwe!

Kisa kilianza kwa hasira. Kila mtu sasa ananichekea kuhusu 30 Februari. Ouma akipita na pikipiki anapiga honi na kuniuliza tarehe. Mchana wateja walipopungua nikaamua kuthibitisha, kwa Okra yenyewe, kwamba siku hiyo ipo. Nikaandika jaribio langu la kwanza maishani. Kati ya yale hamsini niliyoahidi, hili likiwa la kwanza. Nikauliza kalenda: soma maneno haya, "30 Februari 2013", uniambie kama ni tarehe halali.

Okra ikasema ndiyo. Ni halali.

Nilikimbia kuzunguka cyber nikipiga kelele. Madam Linah alizima umeme wa jengo zima akidhani kuna waya umeungua. Mteja aliyekuwa akiomba kazi mtandaoni alipoteza kila kitu, na aliniambia maneno ambayo sitayaandika. Haikunigusa. Nilikimbia mpaka ukumbi wa kanisa, chama kinakokutana, kumwonyesha Kiplimo. Hata Okra inaijua!

Kiplimo hakucheka. Aliliandika jaribio hilo upya kwenye kompyuta yake, jibu likawa lile lile. Kisha akamwita Waithira, naye akaja akasimama nyuma yangu, karibu, akasoma akiwa ameweka mkono kwenye kiti changu.

Kumbe ule mstari uliopaswa kuikataa tarehe hiyo ulikuwa mwekundu. Haujawahi kuulizwa na mtu tangu uandikwe, na uliandikwa kinyume. Miaka yote hii mtu yeyote duniani akiandika 30 Februari kwa maneno, Okra ilikuwa inaitikia kwa kichwa. Waithira alieleza kwamba ndiyo kazi ya majaribio hasa. Rangi haina maana, asilimia haina maana. Maana ni kuuliza mahali ambapo kila mtu anadhani pako sawa.

Nikamwambia hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu mwanzo. Kiplimo akakohoa.

Waithira alinishika mkono akanipongeza. Aliushika kwa muda mrefu kuliko kawaida, nadhani. Nilikataa kunawa kabla ya chakula. Senge akanirudisha bombani kama mtoto.

Jumamosi, 23 Februari

Siku ya lori.

Niliamka nikiwa na tumbo la kuuma. Nilienda ukumbini mapema ili nisikae nyumbani nikilisikiliza. Nilipanga viti. Nikavipanga tena.

Waithira akaingia akiwa na mfuko wa viazi vya kuchemsha na kompyuta ya kuazima. Akakaa, akafungua kalenda, akauliza ni nani anashughulikia miaka mirefu, ile yenye 29 Februari. Nikauliza lori liko wapi. Akasema mama amelirudisha. Ng'ombe amezoea. Si ng'ombe tu, wale wanawake wawili jana walikaa jikoni mpaka usiku wakizungumza, mara wakilia, mara wakicheka, na asubuhi mama akaanza kufungua magunia aliyokuwa ameshona. Lakini amesema uamuzi wa mwisho ni baada ya matokeo. Kukiwa na fujo hata kidogo, anaondoka na anachoweza kubeba.

Nilitoka nje kidogo. Kulikuwa na vumbi, linaingia machoni.

Nilichunguza pia kama kadi yangu ilichangia. Nadhani ilichangia sana.

Jumatano, 27 Februari

Asilimia tisini na moja. Taslimu! Nimeiona mwenyewe, kijani imetanda.

Wiki hii watu walifanya kazi. Waithira aliandika kama anayekimbizwa. Kiplimo aliandika kama kawaida yake, kimya, yanatoka moja baada ya jingine. Kavetsa alifunga kibanda jioni akaja akafundishwa, akaandika mawili, na anatembea mjini sasa kama profesa. Mzee Murunga alileta mahindi, tukayachoma. Ouma alirudisha kuku na mayai yake, akasema dhamiri inamsumbua. Mheshimiwa alituma mabango.

Mimi kati ya hamsini nilitoa saba. Waithira alirekebisha matano. Hayo mawili yaliyobaki Kiplimo anasema yanauliza swali moja, lakini mimi naona yana hisia tofauti.

Jioni Bwana Henrik aliandika. Anashukuru Eldoret. Anashukuru kwa namna ya pekee aliyegundua 30 Februari, jina langu limeandikwa, herufi zote zipo. Na mlezi mpya wa kalenda ya Okra ni Waithira.

Nilisoma mara tatu nikitafuta kama kuna mlezi wa pili.

Nilimpongeza vizuri, kwa sauti. Halafu nilikwenda nyuma ya jengo nikasimama karibu na tangi la maji. Iliniuma. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu Pioneer, na mwenye duka alikuwa ameanza kuniita mlezi. Nilirudi kwa sababu nilisikia soda zikifunguliwa. Waithira akanisimamisha mbele ya watu, akasimulia kisa cha 30 Februari tangu kadi hadi umeme kuzimwa, na watu wakacheka wakanipigia makofi. Nikainama mara mbili. Mtu akipongezwa namna hiyo uchungu hupungua.

Nimemwambia Senge aende Bungoma peke yake. Tiketi yangu nimempa Kavetsa. Senge akanifungia blanketi mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi! Sikuandika kwa sababu kalamu ililiwa na ng'ombe.

Wiki nzima ya kura nililala Burnt Forest kwa Mama Waithira, kwenye stoo ya viazi. Nilijitolea kuwa mlinzi. Sikuogopa. Mara mbili nilijificha nyuma ya magunia, na mara zote mbili alikuwa ni ng'ombe. Kura yangu sikupiga, lakini nilimenya viazi vingi. Mama Kiplimo ananiita askari.

Kusubiri ndiko kulikuwa kubaya. Siku baada ya siku redio inahesabu, na hakuna aliyekula vizuri. Mama Waithira alilala na viatu. Jumamosi walipotangaza, tulikuwa jikoni sote, Kiplimo pia. Tukasikiliza barabara. Tukasikiliza sana. Ikapita pikipiki ya maziwa na makopo yake yakigongana. Baadaye ikapita nyingine. Mama Waithira akainuka, akavua viatu, akavaa gambuti, akasema viazi havitajipanda. Mama Kiplimo akachukua jembe akamfuata.

Wanabaki. Waithira anabaki! Aliegemea mlango akiwatazama wakienda, akilia na kutabasamu, na mimi nikajua hapo hapo, bila kadi wala hotuba, kwamba nampenda. Naandika wazi. Nampenda sana, na tumbo langu la mwezi mzima halikuwa chumvi.

Kwa hivyo leo asubuhi nimeunda kamati ya harusi.

Mambo yanakwenda kwa kasi ya ajabu. Senge kwa simu amekubali kuwa mweka hazina. Mheshimiwa Kipyego, ambaye sasa ameshinda na ni mheshimiwa kweli, ameahidi hema na fahali wawili. Mzee Murunga ameahidi ukumbi. Mama Kiplimo, nilipomuuliza kijanjajanja, ameahidi maziwa ya siku nzima. Madam Linah ameahidi kunifuta kazi nikigusa wino wake, lakini hiyo sijaihesabu. Kiplimo aliuliza kama nimezungumza na Waithira. Nikamwambia asituharibie tena.

Nimejumlisha mara mbili ili nisikosee. Taslimu na ahadi kwa pamoja, ndoa imefika asilimia tisini na tatu. Bwana Henrik nimeshamwandikia, ametuma pongezi. Kadi zinatoka Ijumaa. Kilichobaki ni kidogo sana, ni Waithira tu kuambiwa.